Seva Mbili, Ghala Moja: Tuhesabu Kutoka Nane Hadi Moja

Swali hili naulizwa Wote, naulizwa Mwingi, na juzi nimeulizwa nikingoja chai kibandani pale Emali: "Fundi, nimeongeza seva ya pili. Sasa data naiweka wapi ili moja ikizimika nyingine iendelee na kazi?"

Swali zuri sana. Anayeuliza hivyo ameshaelewa kwamba mashine zake pepe, ile ya hesabu, ile ya stoo na ile ya mauzo, zinaweza kuhama kutoka seva hii hadi ile kama mpangaji anavyohama chumba. Sharti ni moja tu: diski zake zisifungiwe ndani ya seva moja. Hapo ndipo neno "hifadhi ya pamoja" linapoingia, yaani ghala ambalo seva zote mbili zina ufunguo wake.

Kinachotisha watu ni bei. Mtajie muuzaji wa Nairobi hifadhi ya pamoja, atakuletea karatasi yenye sifuri nyingi kuliko ndengu kwenye debe. Na ofisi zetu ni zipi? Duka la jumla, zahanati, shule ya bweni, chama cha akiba na mikopo. Ukiondoa video za kamera za ulinzi, ambazo hazina ruhusa ya kukaa humo kabisa, data ya ofisi kama hiyo mara nyingi haijazi hata terabaiti moja. Haya, tuhesabu kurudi nyuma, kutoka njia ninayoikataza hadi ile ninayoitia sahihi yangu.

8. Diski ya nje ya USB

Inapendwa kwa sababu inaonekana. Imekaa juu ya seva, taa yake ya buluu inameta, mwenye duka analala usingizi. Lakini diski ya USB inahudumia seva moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ghala la pamoja halipo. Halafu kebo yake haina hata kibanio cha kuishikilia. Paka akipita nyuma ya meza, mfumo mzima wa mauzo unaondoka naye.

Ibebeshe picha za harusi. Kazi hiyo inaiweza vizuri.

7. Wingu peke yake

Sina ugomvi na wingu. Kitui na Wote zimefikiwa na mkongo wa taifa, na nyaya za nuru zinazotoka Mombasa kwenda Nairobi zinakatiza Makueni. Ugomvi wangu ni na neno "peke yake". Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Kenya na majirani zake ikaanza kutambaa. Aliyekuwa na kila kitu ng'ambo aliwaangalia wateja wakipanga foleni mbele ya skrini nyeupe. Tena bili ya wingu inahesabiwa kwa dola, na dola haijawahi kuuliza kama ndengu zimeiva.

Sisi wa Ukambani tunayajua mawingu. Yanakuja mazito na meusi, yanapita juu ya shamba lako na kwenda kunyesha kwa mwingine. Wingu lifanye kuwa nyumba ya nakala yako ya tatu. Nyumba ya kwanza ijenge hapa.

6. Kabati la hifadhi la mtumba

Benki na kampuni kubwa zinapobadilisha mitambo, makabati yao ya hifadhi huishia sokoni kwa bei ya kushangaza. Ndani kuna vidhibiti viwili, vyanzo viwili vya umeme na diski ishirini na kitu, vyote vikizungumza na seva kwa nyaya za Fibre Channel. Ubunifu wake naustahi. Kila kiungo muhimu kimewekewa mwenzake.

Hesabu inaharibika baada ya kununua. Makabati mengi ya aina hiyo hukubali tu diski zenye programu ya mtengenezaji mwenyewe, na mtengenezaji aliacha kuzitunza zamani. Linanguruma, linatoa joto, na mita ya stima inaenda mbio usiku na mchana. Ni kuchukua lori la magurudumu kumi na nane kwenda kununua mkate. Utafika na mkate utaupata, lakini mafuta je?

5. Kisanduku kimoja kidogo cha mtandao

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wenu mlipo.

Ni kile kisanduku cha diski mbili au nne kinachochomekwa kwenye swichi. Kinatoa nafasi yake kwa NFS, iliyotoka kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, au kwa iSCSI, iliyopata kanuni rasmi mwaka 2004 na inayopitisha amri za diski juu ya waya wa kawaida wa mtandao. Seva mbili, kisanduku kimoja, swichi moja. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza kama mchoro wa mtoto wa darasa la nne aliyepata kumi juu ya kumi.

Kwanza tupime mwendo. Waya wa gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na hizo mashine zako zote pepe zinagawana. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya kazi ndogondogo mia moja hivi kwa sekunde, basi. Diski ya SSD hufanya makumi ya maelfu. Kwa hiyo mhasibu akilalamika kwamba ripoti inachukua muda wa kupika muthokoi, usiilaumu seva. Weka SSD kwanza.

Pili, aina ya diski. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa kazi hii hii, zilitumia uandishi wa SMR, ambao mistari yake hulaliana kama vigae vya paa. Diski ya namna hiyo hutulia siku za kawaida. Siku mwenzake amekufa na inabidi ijazwe upya, inakokota miguu. Kabla hujalipa, uliza dukani: hii ni CMR, ile isiyolaliana, au SMR? Muuzaji akikukodolea macho, nenda duka la jirani.

Tatu, usifungulie kisanduku chako mlango wa intaneti ili bosi aone faili akiwa Mombasa. Januari 2022 genge la Deadbolt liliingia kwenye visanduku vya QNAP vilivyokuwa wazi mtandaoni, likafunga faili za wenyewe na kudai fidia ya bitcoin. Bosi mwekee VPN. Atalalamika siku mbili, kisha atazoea.

Nne ndiyo kubwa. Nilihudumia zahanati moja iliyokuwa na mpango huu huu. Asubuhi moja kisanduku kikazima. Diski zilikuwa nzima, seva mbili nzima, swichi nzima. Kilichokufa ni adapta ya umeme, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Tulikaa siku mbili na nusu tukingoja mpya ipande matatu kutoka Nairobi, huku muuguzi akiandika kadi za wagonjwa kwa kalamu. Ninaikumbuka sauti ya chumba kile: feni za seva mbili zikizunguka kwa nguvu zote, hazina la kufanya.

Seva mbili juu ya kisanduku kimoja ni nyumba ya vyumba viwili yenye nguzo moja. Umeongeza chumba, nguzo hukuiongeza.

4. Seva ya zamani iliyogeuzwa ghala

Ile seva uliyoistaafisha mwaka jana ukaifanya meza ya kuwekea printa, ifute vumbi. Iwekee TrueNAS. Programu hiyo ilianza mwaka 2005 kwa jina la FreeNAS, na toleo lake la bure linatosha kabisa. Chini yake kuna ZFS, mfumo wa faili ambao nao ulitoka Sun.

ZFS naipenda waziwazi. Kila kipande cha data inakiwekea alama ya uhakiki, na inapokisoma hulinganisha. Diski ikidanganya, ZFS inaikamata na kuchukua kipande kizima kutoka kwa diski pacha. Pia hupiga picha ya papo ya ghala zima kwa sekunde chache, hivyo karani akifuta folda ya mishahara saa nne, unarudi saa tatu na nusu na folda ipo. Ipe RAM ya kutosha, ikiwezekana ya ECC, ile inayojisahihisha. Na diski ziunganishe mbili mbili kama mapacha, usizipange zote katika RAID moja ndefu, yaani kundi moja la diski linalofanya kazi kama diski moja. Ghala la mashine pepe linataka wepesi kuliko ukubwa.

Kwa nini basi namba nne? Kwa sababu bado ni nguzo moja, ingawa nene zaidi. Lakini usiirudishe kwenye printa. Ina kazi nyingine, tutaonana nayo tukifika mwisho.

3. Seva tatu na Ceph

Ceph ilianza kama kazi ya uzamifu ya Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Inachukua diski za seva zote na kuzifanya ziwa moja, kila kipande kikiandikwa mara tatu mahali tofauti. Seva nzima ikianguka, kazi inaendelea.

Chuo kikubwa, hospitali ya rufaa, kampuni yenye fundi wake wa kudumu: endeleeni, namba tatu ni yenu. Inahitaji seva tatu au zaidi, mtandao wa gigabiti 10 na mtu anayeielewa usiku wa manane. Terabaiti tatu ulizonunua zinabaki moja ya kutumia. Mwenye duka la jumla la Mwingi, wewe tusonge mbele.

2. Seva mbili zinazoandika kwa pamoja

Hapa kisanduku cha katikati tunakiondoa kabisa. Kila seva inabaki na diski zake, na programu inahakikisha kwamba kila neno linaloandikwa kwenye ya kwanza linaandikwa papo hapo kwenye ya pili. DRBD, ya kampuni ya LINBIT ya Vienna, Austria, ndiyo mkongwe wa kazi hii. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2010. Kwa wanaotumia Windows na Hyper-V, StarWind hufanya kazi inayofanana. Unaziunganisha seva kwa waya mfupi wa gigabiti 10, kadi hadi kadi, bila swichi. Seva moja ikifa, ya pili ina data yote hadi neno la mwisho.

Hatari yake ni waya huo kukatika huku seva zote mbili ziko hai. Kila moja inadhani mwenzake amekufa, na kila moja inajitangaza kuwa mkuu wa boma. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wawili kila mmoja anaandika daftari lake. Ukija kuunganisha waya, una vitabu viwili vya mauzo na vyote viwili vina haki.

Dawa wanachama wa vyama vya akiba mnaijua kuliko mafundi: akidi. Mkutano bila akidi haupitishi kitu. Tafuta shahidi wa tatu wa kupiga kura, hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayokaa kwenye kiganja, uiweke kwenye swichi. Mwenye kura mbili kati ya tatu anaendelea, mwenye moja ananyamaza. Usikubali fundi yeyote akufungie seva mbili bila shahidi. Akikwambia si lazima, mlipe nauli arudi kwao.

Kwa biashara isiyoweza kupoteza hata muamala mmoja, kama chama kinachopokea marejesho ya mikopo siku nzima, njia hii naiweka namba moja. Kwa wengine wote kuna iliyo nyepesi zaidi.

1. Seva mbili zinazonakiliana, na ghala la tatu pembeni

Seva mbili za kawaida. Kila moja na SSD pacha zenye ZFS. Juu yake Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe, ambayo nayo ni mzaliwa wa Vienna, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2008, na haidai leseni. Kila baada ya dakika 15, au hata kila dakika moja ukitaka, seva hii inaitumia ile mabadiliko tu yaliyotokea tangu mara ya mwisho. Raspberry Pi yetu inashikilia kura ya tatu. Seva ya zamani, ile ya namba nne, inasimama chumba kingine ikipokea nakala rudufu kila usiku.

Naam, ghala la pamoja halipo tena. Kila seva ina ghala lake, na maghala yanafanana. Ukitaka kufungua seva kusafisha vumbi, unazihamisha mashine pepe zikiwa macho na karani wa kaunta hatambui lolote, kwa sababu sehemu kubwa ya data ilishafika. Seva ikifa ghafla, mashine zinawaka upya kwa mwenzake baada ya dakika chache, na unapoteza kile kilichoandikwa tangu nakala ya mwisho. Hilo lijue mapema na umwambie bosi mapema. Duka lenye risiti za karatasi linaweza kurudia kuingiza mauzo ya dakika moja. Likiwa haliwezi, rudi namba mbili.

Leseni nimeitaja kwa sababu. Broadcom ilimaliza kuinunua VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Februari 2024 ESXi ya bure, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, ikaondolewa, kisha Aprili 2025 ikarudishwa. Ofisi ndogo haiwezi kupanga bajeti juu ya mlango unaofunguka na kufungwa hivyo.

Mnaonijua mnajua nitakakoenda sasa: mtoni. Makueni wanajenga bwawa la Thwake, la kubeba mita za ujazo milioni 688, na lina sababu ya kuwa kubwa. Lakini familia nyingi za Kitui na Makueni zimeteka maji miaka yote nyuma ya kuta ndogo za mabwawa ya mchanga, zilizojengwa na vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, kwa mawe, saruji na mabega. Shirika la SASOL lilisaidia kujenga mamia yake Kitui. Mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani yake, jua haliyafikii. Ukuta mmoja ukipasuka, ule wa chini yake bado una maji. Namba moja yangu imejengwa kwa fikra hiyo.

Sasa mambo ambayo yakikosekana hakuna namba itakayokuokoa.

Stima. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa saa nyingi. UPS kazi yake ni kukupa dakika za kuzima kwa heshima, kwa hiyo iunganishe na seva kwa waya wake wa data na uweke programu ya NUT, ili betri ikifika chini seva zijizime zenyewe hata kama umelala. Na betri yenyewe ni kiumbe cha baridi. Betri ya risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi joto 10 juu ya 25. Chumba cha mabati cha Kibwezi au Mutomo mwezi wa pili kinakula betri kama mbuzi anavyokula mahindi yaliyoanikwa. Hamishia seva upande wa kivuli, weka feni, na usiweke UPS mbili katika soketi moja.

Kisha nakala rudufu. RAID si nakala rudufu, na kunakiliana si nakala rudufu. Karani akifuta kitu hapa, dakika chache baadaye kimefutika na kule. Seva ya pembeni iwe na nywila yake mwenyewe, tofauti na za seva mbili, ili mwizi akiingia huku asipate na kule. Mwenye matawi mawili, moja Kitui mjini na jingine Kibwezi, ana bahati: kila tawi limtunzie mwenzake usiku, na laini ikizidiwa, barabara ya lami ya kupitia Mutomo ipo, diski iliyofungwa kwa nywila inapanda gari. Wa tawi moja ndio walitumie wingu hapa.

Sheria nayo iko upande wangu. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data ikiwa taarifa za watu zimeangukia mikono isiyostahili na zinaweza kuwadhuru. Ukimwambia afisa kwamba diski iliungua, atakuuliza nakala iko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lako siku hizi liko ndani ya SSD ya ukubwa wa pakiti ya biskuti.

Kwa hiyo nawaomba mfanye hivi. Jumamosi hii, mkishafunga duka na nakala ya usiku ikiwa imekamilika, simama mbele ya seva ya kwanza na saa mkononi uchomoe waya wake wa umeme. Hesabu ni dakika ngapi mashine ya mauzo inachukua kuamka kwa mwenzake. Kisha chukua faili moja kutoka kwenye nakala rudufu, uifungue, uisome. Andika tarehe na zile dakika kwenye karatasi, na uibandike kwenye mlango wa chumba cha seva.